Wino Mwekundu

Daftari lenyewe ninalo hapa mezani. Ni kaunta buku la kawaida, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu, aina ile ambayo wenye maduka huandikia madeni. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, umbali, muda uliopangwa, muda uliopatikana. Muda uliopatikana ukiwa sawa na uliopangwa au pungufu, umeandikwa kwa wino wa bluu. Ukizidi, hata kwa sekunde moja, umeandikwa kwa wino mwekundu. Kuna kurasa zilizochanwa, zimechanwa taratibu kwa kufuata rula, na wiki nzima ikanakiliwa upya kwenye ukurasa unaofuata kwa sababu tu tarakimu moja ilikuwa imefutwafutwa.

Mwenye daftari hili alikuwa mwanafunzi wangu wa mbio kwa miaka mitatu. Sitamtaja jina. Mama yake yu hai, na kisa hiki kina aibu ambayo sehemu kubwa ni yangu, si yake. Nitamwita kijana. Nimekaa nacho moyoni muda mrefu bila kukiandika, lakini kila msimu naona kijana mwingine akishika njia ileile, na kila msimu naona makocha wenzangu wakimpigia makofi kama nilivyompigia mimi.

Alikuja Arusha akiwa na miaka 18, akitokea upande wa Karatu. Nilikuwa nimemwona kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, akikimbia mita 5,000 kwa raba za kuazima zilizompwaya. Nilimpokea stendi na begi la shule na mfuko wa unga ambao mama yake alinitumia. Baadaye nilikuja kujua kuwa nauli ile, na raba mpya alizozinunua wiki hiyohiyo, zilitokana na ndama mmoja aliyeuzwa mnadani. Mkumbuke ndama huyo, nitamrudia.

Miezi ile ya mwanzo kijana alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha sote: kupiga mluzi. Tukishuka barabara za vumbi zinazotoka chini ya Mlima Meru kuelekea Ngaramtoni, mwendo ukiwa wa kawaida, wenzake wanahema, yeye anapiga mluzi. Si wimbo wa maana, ni mluzi tu wa mtu anayefurahia upepo usoni. Siwezi kukuambia uliisha lini. Hilo ni kosa langu la kwanza. Kocha anayejua kila sekunde ya mwanafunzi wake hakujua mwanafunzi wake aliacha lini kupiga mluzi.

Nilichokiona ni kingine. Nilimwona akifika wa kwanza, saa kumi na moja alfajiri, kabla mlinzi hajafungua geti. Nilimwona akibaki wa mwisho. Siku moja ya masika mvua ilinyesha tangu usiku, mazoezi nikayaahirisha kwa ujumbe wa simu, na saa tatu asubuhi kijana akagonga mlango wangu akiwa ametapakaa tope hadi kifuani. Alikuwa amekimbia kilomita zake 20 peke yake na amekuja kuniambia. Niliita wenzake jioni ile, nikamsimamisha mbele yao, nikasema, “Mtazameni huyu.” Wakampigia makofi. Nami nikapiga.

Jioni ile nilidhani natoa funzo kuhusu bidii. Kumbe nilikuwa namfunga mtu kamba. Tangu siku hiyo hakuweza tena kukosa, maana aliyekwisha kusimamishwa mbele ya watu kama mfano hana ruhusa ya kuumwa, kuchoka wala kulala.

Jumanne moja ya mwezi Machi tulikuwa uwanjani. Kazi ya siku ilikuwa mita 1,000 mara nane, kila moja kwa dakika 2 na sekunde 52, katikati jogi ya dakika moja na nusu. Ni kazi ngumu lakini aliiweza. Sita za mwanzo zilikwenda kama saa ya ukutani. Ya saba ikatoka 2:54. Ya nane akaikaza, 2:51. Nikamwambia, “Imetosha, mwanangu. Poza mwili uende ukale.”

“Mwalimu, ya saba haikukaa.”

“Ya saba imeshapita.”

“Nairudia.”

Akarudi kwenye mstari. Akakimbia 2:58. Mwili uliokwisha kufanya kazi yake hauna pa kuchota tena, hilo kila mkimbiaji analijua, naye alilijua. Akarudia, 3:01. Akarudia tena, 3:06, akafika akitapika pembeni mwa uwanja, kisha akainua kichwa na kuniuliza, “Ngapi?”

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikuondoka na saa yangu. Ningeitia mfukoni, nikapanda bodaboda, kijana asingekuwa na wa kumpimia. Lakini nilisimama pale na kuhesabu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mshindani ndani yangu alikuwa akisema: huyu ana roho ya bingwa, acha nione mwisho wake. Daftari la siku hiyo lina mistari saba ya bluu na minne ya wino mwekundu. Mmoja wa zile sekunde mbili za mwanzo, mitatu ya kuzitafuta.

Nilipoanza kusoma kuhusu mambo haya, nikiwa nimekwisha kuchelewa, nilikuta kwamba kazi kubwa imefanywa na wanasaikolojia wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett. Mwaka 1991 walieleza kuwa tamaa ya ukamilifu ina sura tatu. Kuna anayejidai ukamilifu mwenyewe. Kuna anayewadai wengine. Na kuna anayeamini kuwa watu wanaomzunguka wanamdai yeye, na kwamba upendo wao una masharti: akikosea, umekwisha. Sura hii ya tatu ndiyo inayotafuna watu. Niliposoma hapo nilimwona kijana wangu amesimama mbele ya wenzake, tope kifuani, makofi yakilia, nikamwona na mnadani, ndama akiondoka na kamba ya mtu mwingine.

Waliokuja baadaye na kuwachunguza wanamichezo wametofautisha jambo jingine ambalo kwangu lina thamani kuliko vitabu vyote vya mbinu nilivyowahi kupewa. Kutaka kufanya vizuri sana ni kitu kimoja. Kuvunjika moyo kila usipofanya vizuri sana ni kitu cha pili. La kwanza peke yake halimdhuru mtu, pengine linamsaidia. La pili ndilo sumu. Tatizo letu makocha ni kwamba alfajiri yanafanana. Anayependa kukimbia ataamka saa kumi na moja. Anayeogopa kukosa ataamka saa kumi na moja, pengine saa kumi. Ukisimama na saa yako getini huwezi kuwatofautisha, na huyo mwoga ndiye utakayempa sifa, kwa sababu kawahi zaidi.

Tofauti inajitokeza siku ya mapumziko. Inajitokeza pia siku ya ushindi, na hiyo mimi niliishuhudia kwa macho yangu.

Yalikuwa mashindano ya mkoa, mita 10,000. Kijana aliongoza tangu mzunguko wa tisa na kumaliza akiwa peke yake, wa pili yuko nyuma yake nusu ya upande mmoja wa uwanja. Watu wakashuka jukwaani kumkumbatia. Akawapenya, akapita chini ya jukwaa, nikamfuata, nikamkuta amekaa sakafuni analia. Kiganjani alikuwa ameandika kwa kalamu 28:59. Alikuwa amekimbia 29:04. Bahasha ya zawadi aliiacha kwenye benchi, nikaiokota mimi. Nikamwambia, na maneno haya nayajutia hadi leo, “Usijali, sekunde tano tutazipata.” Mtu ameshinda, analia, nami namwahidi sekunde.

Kuna mzaha wa kikatili ndani ya jambo hili, kwamba mbio zenyewe hazijali ukamilifu wetu. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo, bingwa wa dunia wa riadha wa kwanza Tanzania kuwahi kumpata. Muda wake ulikuwa saa 2:09:48. Miezi mitano nyuma yake, Boston, Simbu huyohuyo alikimbia 2:05:04 akawa wa pili. Dhahabu yetu ya kwanza ya dunia, basi, imekuja kwa muda wa polepole kwa zaidi ya dakika nne. Joto la Tokyo liliamua hivyo, na Simbu akakubaliana nalo, akangoja, na mstarini akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Kwenye daftari ninaloliangalia hapa, siku ile ingeandikwa kwa wino mwekundu.

Tena Simbu alikuwa na shaba ya dunia tangu London mwaka 2017. Katikati ni miaka minane. Mtu asiyeweza kuvumilia mwaka mmoja wenye dosari hafiki wa nane.

Nirudi kwa kijana. Baada ya mashindano yale alianza kuruka chakula cha usiku. Alisema anataka kuwa mwepesi. Sikulitilia maanani, wakimbiaji wengi husema hivyo. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii, mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko unazolishwa, na ikasema wazi kuwa huwapata wanaume pia, hawa tunaodhani ni wa chuma. Mwili wenye njaa hukata matumizi kama nyumba yenye njaa. Unaanza na yale yasiyoonekana, na mojawapo ni ukarabati wa mifupa.

Watu wengi hudhani mfupa ni jiwe. Mfupa uko hai. Kila unapoupigisha chini hupata nyufa ndogo mno, na mwili hutuma mafundi wawili: wa kwanza hubomoa sehemu iliyochakaa, wa pili hujenga upya. Huyu wa kubomoa ni mwepesi, wiki chache tu. Wa kujenga anataka miezi. Katikati kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi. Ukipumzika, fundi wa pili anamkuta wa kwanza, na mfupa unatoka imara kuliko zamani. Usipopumzika, ufa unatembea. Kwa hiyo mkimbiaji hajengwi na kilomita 20 za asubuhi. Hujengwa usiku unaofuata, amelala, ameshiba.

Dogo aliyekuwa akilala naye chumba kimoja ndiye aliyekuja kunong’ona: “Mwalimu, kaka usiku anakanda mguu. Na anakunywa vidonge.” Nilimwita. Nikamkalisha benchi, nikapitisha kidole gumba juu ya ugoko wake kutoka chini kwenda juu. Mahali pamoja, padogo kama sarafu ya shilingi mia, mikono yake ikashika benchi. Uso haukubadilika hata kidogo.

“Tangu lini?”

“Juzi tu, mwalimu.”

Ilikuwa wiki ya tatu. Tulikwenda hospitali, eksirei ikatoka safi. Ni kawaida: ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo. Lakini kwake ile picha safi ilikuwa hukumu. Ilimaanisha kwamba haumwi, kwamba ni uvivu. Nikamwamuru apumzike siku saba. Akaitikia vizuri, “Sawa, mwalimu.”

Siku hizo saba zimo humu daftarini. Nilizisoma miezi mingi baadaye. Zimejazwa zote, kwa mwandiko mdogo kuliko kawaida yake, kama mtu anayenong’ona. Kilomita 12, usiku. Kilomita 14, usiku. Kilomita 12. Hakuweza kuiacha mistari saba ikiwa mitupu. Siku ya tisa, mteremko wa kawaida wa asubuhi, mfupa ukaachia. Waliokuwa karibu wanasema waliusikia. Aliletwa kwangu kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mwenzake, na neno la kwanza alilolisema lilikuwa, “Zilikuwa zimebaki kilomita tatu.”

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mzee wetu John Stephen Akhwari, kwa sababu nimemtumia vibaya maisha yangu yote ya ukocha. Kila msimu niliwasimulia vijana habari zake. Olimpiki ya Mexico 1968, marathoni, Akhwari anaanguka, goti linaumia, anafungwa bendeji, anaendelea, anaingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Nilikuwa nikilitaja goti na bendeji, kisha nasema, basi. Kijana alisikia kile nilichokisisitiza: mwanariadha wa kweli hasimami hata akivunjika.

Leo naona nilikiruka kiini chenyewe. Akhwari alikubali kuonekana. Alikubali watu waliobaki uwanjani wamwone akichechemea, wa mwisho, akiwa na muda ambao hakuna kocha angeuandika kwa wino wa bluu. Mtu mwenye ugonjwa wa ukamilifu asingeingia uwanjani jioni ile. Angeshuka njiani mapema, kabla ya taa. Na Akhwari hakufanya hivyo kila Jumanne mazoezini. Alifanya mara moja, siku ya Olimpiki, akiwa amebeba jina la nchi, kisha akaenda kutibiwa. Mwaka 1970 alikuwa Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, amepona, akamaliza wa tano.

Mbio zilezile za Mexico alikimbia Derek Clayton wa Australia, mwanadamu wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Clayton alikuwa akikimbia hadi maili 160 kwa wiki, zaidi ya kilomita 250, nyingi zikiwa za kasi. Mwaka 1969 alikimbia Antwerp 2:08:34, rekodi iliyokaa miaka 12. Baada ya mbio ile alitapika na kukojoa damu. Alipasuliwa mara kadhaa, na katika maisha yake yote hakupata medali hata moja ya Olimpiki. Mexico alikuwa wa saba. Simdharau, rekodi ni rekodi. Ila vijana wanaposoma zile maili 160 wanazinakili, na hakuna anayewanakilia kisu cha daktari.

Kijana alipona. Hili ndilo linaloniuma, kwamba alipona kabisa. Baada ya miezi minne daktari alimpiga bega na kumwambia aanze taratibu. Tukaenda wote barabara ya Ngaramtoni, nikiwa nyuma yake kwa baiskeli. Nilimpa kilomita tatu tu, mwendo wa dakika sita kwa kila moja. Kilomita ya kwanza ilikwenda. Katika ya pili wakatokea watoto wa shule ya msingi na mabegi yao, wakafanya kama watoto wafanyavyo wanapomwona mkimbiaji: wakakimbia naye. Wakampita. Mmoja akageuka na kucheka, kicheko cha mtoto, hakina ubaya wowote.

Kijana akasimama. Akatembea hadi kwenye kivuli cha mgravilea, akavua raba.

“Mwalimu, sitaki watu wanione hivi.”

Nilimwambia yote ninayoyajua. Kwamba hata Eliud Kipchoge anaandika daftari, tangu mwaka 2003, na picha yake kijana alikuwa ameibandika ukutani na zile tarakimu za Vienna, 1:59:40. Kwamba Kipchoge na mwalimu wake Patrick Sang kule Kaptagat hawachomi nguvu zote mazoezini, nyingine zinawekwa kwa ajili ya siku yenyewe. Kwamba mtu huyohuyo alikosa timu ya Kenya ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na mlango ule uliofungwa ndio uliomtoa uwanjani na kumpeleka barabarani. Alinisikiliza kwa heshima, kama alivyonisikiliza siku zote. Kesho yake hakuja. Wiki iliyofuata aliniletea daftari hili. “Likae kwako, mwalimu.” Akapanda basi.

Nilitegemea kwamba mapenzi ya mbio yatamrudisha. Yalikuwepo, nakumbuka mluzi. Lakini mapenzi yakiachwa muda mrefu chini ya woga hukosa pumzi. Edward Deci, Mmarekani, alifanya jaribio dogo mwaka 1971: wanafunzi wa chuo walipewa fumbo la kuunganisha vipande, jambo la kufurahisha tu. Baadhi wakaanza kulipwa kwa kila fumbo, kisha malipo yakakoma. Hao waliokuwa wakilipwa walipunguza kucheza na fumbo katika muda wao wa mapumziko. Kitu walichokipenda kilikuwa kimegeuka kazi, na kazi bila ujira nani anaitaka? Kijana wangu ujira wake ulikuwa wino wa bluu. Ulipokatika kwa miezi minne, alichungulia ndani akakuta hakuna kingine kilichobaki cha kumtoa kitandani. Sikumwachia kingine.

Mwaka jana nilikwenda kwao. Nilitaka kuomba radhi, na nilikuwa na bahasha mfukoni kwa ajili ya ndama, maana kijana alikuwa ameniambia mara nyingi, usiku wa kambini, kwamba mama aliuza ndama na yeye hana haki ya kushindwa. Mama alinipokea vizuri, akanipa kiti kivulini, akaleta uji. Nikaeleza. Nikaitoa bahasha. Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

“Ndama yupi, mwalimu?”

Nikamkumbusha.

“Aa, yule. Yule tulishamsahau. Mimi nilikuwa namtaka mwanangu aje Krismasi. Miaka mitatu hakuja hata Krismasi moja, anasema ana mazoezi.”

Miaka mitatu kijana alilipa deni ambalo hakuna aliyekuwa akilidai, na mimi, niliyemwona kila siku, sikuwahi kumuuliza kama amempigia mama simu akamuuliza. Kijana mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba anaziba pancha ya baiskeli ya mdogo wake. Tuliongea kidogo, habari za mvua, habari za wenzake. Mbio hatukuzigusa. Ana afya. Hakimbii.

Sasa kambini kwangu nimebadili mambo machache. Jumatano hakuna saa, si yangu wala yao. Siku ya mapumziko inaandikwa daftarini kama kazi, ina mstari wake, na asiyeifanya ndiye ninayemwita pembeni. Sisimamishi tena mtu mbele ya wenzake kwa sababu ya kukimbia akiwa mgonjwa au kwenye mvua. Habari za Akhwari bado nazisimulia, ila nazisimulia hadi mwisho, hadi Edinburgh.

Makocha wenzangu, na nyie wazazi mlio na mtoto anayesifiwa kwamba hakosi hata siku moja: mwangalieni huyo kabla ya wale watoro. Watoro watarudi wenyewe. Jumapili hii mpigie simu huyo asiyekosa, muulize amekula nini, amecheka na nani, anakuja nyumbani lini. Na muda usimuulize.